Tukiacha wali na ugali, tutakula nini London?

Jumamosi moja tulialikwa kwenye karamu ya harusi katika ukumbi mmoja hapa mashariki ya London. Kumbi hizi mnazijua hata kama hamjawahi kufika: viti vimevishwa vitambaa vyeupe, taarabu imefunguliwa hadi mwisho, watoto wanakimbizana, na kule pembeni kuna meza ndefu yenye masufuria ya pilau. Tukapanga foleni na sahani zetu. Tukachukua kuku wa kuchoma, nyama, mchicha wa nazi na kachumbari, sahani zikajaa. Tulipolipita sufuria la pilau bila kusimama, mama mmoja aliyekuwa akipakua akatutazama kwa huruma. Akauliza: "Wanangu, mbona hamjachukua chakula?"

Tulicheka, tukamwambia tumeshiba. Lakini swali lile tulirudi nalo nyumbani, na leo tungependa kulizungumza na wasomaji wetu, mlioko huku ughaibuni na mlioko nyumbani.

Tazameni alivyouliza. Sahani zimejaa kuku na nyama, lakini kwake yeye hatujachukua chakula. Na kwa lugha yetu mama yule hakukosea. Kwetu chakula ni ugali, ni wali, ni chapati, ni ndizi au muhogo. Vingine vyote ni mboga au kitoweo, yaani vya kusindikiza. Ukiuliza kwa Watanzania wengi "leo mboga gani?" unaweza kujibiwa "nyama," na hakuna atakayekushangaa. Kwa hiyo anapokuja daktari au muuguzi wa London akatuambia tupunguze nafaka, masikioni mwetu anatuambia tuache kula. Ndiyo maana wengi wetu tunaitikia kwa heshima pale hospitali, tukifika nyumbani tunasonga ugali kama kawaida.

Hili si jambo la mzaha. Ukikaa na Waswahili wa hapa, wawe wa Barking au Wembley, Slough au Reading, haipiti muda mrefu bila kusikia habari ya kisukari. Huyu kaanza vidonge, yule kahamishiwa kwenye sindano, mwingine macho yanasumbua au kidonda cha mguu hakiponi. Chama cha kisukari cha nchi hii, Diabetes UK, kinaeleza kwamba kwa watu weusi na wenye asili ya Asia ya Kusini hatari ya kisukari aina ya pili huanza kupanda toka umri wa miaka 25. Kwa Wazungu ni toka miaka 40. Tena miili yetu hupata madhara kwa unene mdogo zaidi. Kwa kipimo cha uzito kulinganisha na urefu, Mzungu huhesabiwa mnene kupita kiasi akifika 30. Miongozo ya afya ya hapa inasema kwetu sisi mpaka huo ni 27.5. Maana yake mtu anaweza kujiona ana mwili wa kawaida tu, kumbe amekwisha vuka mstari.

Basi nyumbani kwetu tuliamua kujaribu. Mmoja wetu alikuwa amepimwa sukari ya miezi mitatu ikaonekana 46. Kwa vipimo vya hapa, 42 hadi 47 ni dalili ya hatari, na kuanzia 48 ni kisukari chenyewe. Hakuwa ameanza dawa yoyote. Tukakubaliana miezi mitatu bila nafaka: ugali, wali, chapati, mkate, maandazi, tambi na uji vyote viondoke. Tukaondoa pia viazi, soda na sukari ya kwenye chai.

Kabla ya kuanza tulifanya jambo moja ambalo tunamshauri kila mtu alifanye. Tulichukua mizani ya jikoni tukapima wali tunaopakua siku za kawaida. Sahani moja ilikuwa na gramu 450. Dakta David Unwin, daktari wa mji wa Southport anayejulikana sana nchini hapa kwa jambo hili, ana chati inayolinganisha vyakula na vijiko vya sukari kwa jinsi vinavyopandisha sukari ya damu. Kwa chati yake gramu 150 za wali uliopikwa ni sawa na vijiko vya chai kama 10. Piga hesabu: sahani yetu moja ilikuwa vijiko 30. Na sisi ndio tuliokuwa tukijisifu kwamba chai tunatia kijiko kimoja tu!

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, hatutaki kudanganya. Kichwa kiliuma, hasira zilikuwa karibu, na usiku tuliota maandazi. Wiki ya tatu mambo yakatulia. Ule usingizi wa baada ya chakula cha mchana, ambao tulidhani ni uchovu wa kazi, ukaondoka. Miezi mitatu ilipotimia yule aliyekuwa 46 akapimwa akakutwa 41, na uzito ulikuwa umepungua kilo 6. Hatusemi kila mtu atapata hivyo. Tunasema yaliyotokea nyumba moja.

Wengi hudhani kuacha nafaka ni mtindo wa juzi ulioletwa na Wamarekani. Ni kweli daktari wa New York, Robert Atkins, alitoa kitabu chake mwaka 1972, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtindo wake ulivuma sana hapa Uingereza. Lakini zaidi ya miaka 100 kabla yake alikuwepo mzee wa hapa hapa London, William Banting, msimamizi wa mazishi ambaye familia yake ilishughulikia hata mazishi ya ukoo wa kifalme. Alikuwa na miaka 66, mfupi wa sentimita 165 hivi, na uzito wa kilo karibu 92. Hakuweza kuinama kufunga viatu, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Alipokwenda kwa daktari wa masikio kwa sababu alikuwa hasikii vizuri, daktari huyo, William Harvey, akamwambia aache mkate, sukari, bia na viazi, ale nyama, samaki na mboga. Kwa mwaka mmoja hivi akapungua kilo 21. Mwaka 1863 akachapa kijitabu kuwaeleza wenzake, na kikasomwa mno hata jina lake likawa neno la kupunguza mwili. Waswidi mpaka leo kujinyima chakula wanaita "banta." Mzee aliishi hadi mwaka 1878, akafa akiwa na miaka 81. Na hata yeye aliruhusiwa kipande kidogo cha mkate mkavu.

Hapa ndipo wazee wetu wanapotukamata. Mama mmoja wa Tanga, tulipomweleza kwa simu kwamba hatuli ugali, kwanza aliuliza kama tumeishiwa pesa. Kisha akasema: "Babu yenu alikula ugali miaka yote, akafa na meno yake, sukari hakuijua." Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa.

Madaktari wenyewe waliiona. Hugh Trowell, Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda toka mwaka 1929 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, ambaye alirudi London mwaka 1966, waliandika kwamba maradhi yaliyojaa hospitali za Uingereza waliyaona kwa nadra sana kwa Waafrika wa vijijini waliokula vyakula visivyokobolewa. Kisukari kilikuwa kimojawapo. Uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania uliochapwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Uchunguzi wa taifa zima wa mwaka 2012 ukakuta asilimia 9 hivi kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Vipimo vya tafiti hizo mbili havilingani moja kwa moja, lakini njia tunayoelekea inaonekana.

Sasa, kama babu alikula ugali na hakuugua, kosa ni la ugali? Tuulize kwanza ugali gani. Mahindi yenyewe yalitoka bara la Amerika na kuletwa kwetu na Wareno. Kabla yake watu wetu walikula mtama, uwele na ulezi, na mahindi yalikuja kutawala wakati wa ukoloni, yalipokuwa chakula cha kugawiwa vibarua. Hata neno posho linatueleza: maana yake ni mgao, na mpaka leo Waganda ugali wanauita posho. Halafu tukaingia kwenye sembe nyeupe, iliyoondolewa pumba na kiini, kikabaki wanga mtupu. Babu alikula dona na ulezi, akalima toka alfajiri, akatembea kwa miguu hadi sokoni. Wali, kwa familia nyingi za bara, ulikuwa wa Idi na Krismasi. Hapa London kila siku ni Idi, na baada ya Idi hiyo tunakaa kwenye basi, tunakaa ofisini au kwenye teksi saa 10, kisha tunakaa mbele ya televisheni. Hata ndugu zetu wanaobeba maboksi usiku hula sahani ya wali saa 8 usiku na kurudi kulala.

Kwa hiyo sisi hatukubaliani na wale wanaosema nafaka ni sumu. Utafiti mkubwa uliochapwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi nyingi na nafaka zisizokobolewa hufa kidogo zaidi kwa maradhi ya moyo, na kisukari huwapata kidogo zaidi. Lakini mtu ambaye sukari yake imekwisha panda hayuko alipokuwa babu. Mlango umekwisha vunjika, yeye anahitaji kupunguza mzigo. Mwaka 2021 kamati ya wataalamu wa lishe inayoishauri serikali ya Uingereza ilisema kwamba watu wanene wenye kisukari aina ya pili wanaweza kushauriwa kupunguza wanga kwa muda wa hadi miezi sita, na kwamba inasaidia kushusha sukari. Haikusema ni njia pekee, wala haikusema ni ya maisha.

Kuna na habari njema zaidi. Katika utafiti uliofanyika Scotland na kaskazini mwa Uingereza, ukatangazwa mwezi Desemba 2017, wagonjwa walipewa supu na vinywaji maalumu tu kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula polepole. Baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao, asilimia 46, sukari ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 36. Kilichofanya kazi kubwa ni kupungua uzito. Washiriki karibu wote walikuwa Wazungu, na hilo ni jambo la kulikumbuka, lakini somo ni letu pia: kisukari aina ya pili kikiwahiwa mapema kinaweza kurudishwa nyuma. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba ukishapata, umepata.

Sasa tuje kwenye hatari, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Mama mmoja tunayemfahamu, mwenye kisukari cha miaka mingi, alisikia habari hizi kwa shoga yake. Siku ya pili akaacha wali na ugali, lakini akaendelea kumeza vidonge vile vile, kiasi kile kile. Siku ya nne, akiwa kituo cha basi, jasho jembamba likamtoka, mikono ikatetemeka, akakaa chini. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Bahati kijana mmoja alikuwa na chupa ya maji ya matunda.

Dawa yake ilikuwa imepimwa kwa sahani ya wali. Wali ulipoondoka, dawa ikabaki haina cha kushusha ila yeye mwenyewe. Anayetumia insulini, au vidonge vya aina ya gliklazidi vinavyosukuma mwili kutoa insulini, asipunguze wanga kabla ya kuonana na daktari wake, maana dawa lazima ipunguzwe sambamba. Vidonge ambavyo majina yake huishia na "flozin" navyo vina hatari yake: mtu akiacha wanga ghafla damu inaweza kujaa asidi, na hiyo ni hali ya kukimbizwa hospitali. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye maradhi ya figo na wenye kisukari aina ya kwanza wasijaribu peke yao. Na kinyume chake ni kosa kubwa vile vile: kuacha dawa kwa sababu umeacha ugali. Dawa ataipunguza aliyeiandika.

Kuna na suala la pesa. Mfuko wa mchele wa kilo 10 unalisha familia ya watu sita siku nyingi, na nyama haiwezi kufanya hivyo. Anayetuma pesa nyumbani kila mwezi na kulipa kodi ya nyumba ya London hawezi kula samaki wa bei mbaya kila siku kama wanavyoonyeshwa kwenye vitabu vya mapishi vya Wazungu. Vitabu hivyo vina parachichi na lozi kila ukurasa. Tulivisoma, tukavifunga.

Tulichogundua ni kwamba mboga zetu wenyewe zinatosha. Nendeni soko la Ridley Road kule Dalston, Queen's Market pale Upton Park, au Brixton. Mchicha upo, Wajamaika wanauita kalalu. Bamia zipo, bilinganya zipo, kisamvu kipo kwenye majokofu ya maduka ya Wakongo na Waafrika Magharibi. Kabichi ni rahisi kila mahali. Samaki wa jamii ya vibua ni wa bei nafuu kuliko samaki wengi hapa, na mafuta yake ni mazuri kwa moyo. Mayai, maini, dagaa, tui la nazi: ni nani kati yetu asiyejua kuvipika? Maharage na kunde vina wanga, lakini vina nyuzinyuzi pia, na kwa mwenye mfuko mdogo bakuli dogo ni afadhali mara nyingi kuliko mlima wa wali.

Yaani tusitafute chakula kipya. Tugeuze sahani tu. Siku zote tumepakua wali mlima na mboga kijiko. Sasa mboga iwe mlima.

Sisi wenyewe hatukubaki bila nafaka. Miezi mitatu ilipokwisha tulirudisha, lakini kwa kiasi cha ngumi moja, na mara nyingi ni dona au ulezi. Siku ya sikukuu tunakula pilau na hatuombi radhi. Mwenye sukari ya juu huenda akahitaji kukaza kamba kuliko sisi, na hilo ataamua na daktari wake. Jambo la kwanza ni kujua umesimama wapi. Hapa England kila mtu wa miaka 40 hadi 74 ambaye hajagunduliwa na maradhi kama kisukari au ya moyo anastahili kupimwa afya bure kila baada ya miaka mitano. Kama umri haujafika lakini mzazi wako ana kisukari, mwambieni daktari. Msisubiri barua.

Na jambo la mwisho ni letu sote, wenye sukari na wasiokuwa nayo. Tuache kuwashurutisha watu kula. Tunajua ni mapenzi. Kwetu mgeni asiyekula wali ni kama hakupokewa, na mwenyeji hulala na donge. Lakini shangazi mwenye kisukari anapojazwa pilau kwa nguvu, huku kila mtu akimwambia "leo tu, sukari haiui kwa siku moja," na kesho kuna hitima, na keshokutwa kuna arusi nyingine, hizo siku moja moja zikijumlishwa ndizo maisha yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha sukari.

Mama yule wa ukumbini tulikutana naye tena, kwenye msiba. Alikuwa anapakua kama kawaida. Safari hii hakutuuliza. Alitujazia mchicha na samaki, kisha akainama akatunong'oneza kwamba naye kapimwa, ameambiwa sukari imepanda, na angependa kujua tunakulaje. Tulikaa naye jikoni mpaka watu wakaondoka.